Maswali ya Wasomaji: Kibao Cheusi kwenye Gari ya Zamani

Toleo lililopita niliweka kapicha kadogo ka Landa yangu (Land Rover) ya 1970 imepaki mbele ya nyumba, wala sikuwa naongelea pleti namba, nilikuwa naongelea springi za nyuma. Basi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza springi. Barua zote, meseji zote, sauti zote za WhatsApp ni zile zile, fundi hicho kibao cheusi umekipata wapi, hivi ni halali kweli, na mimi nataka. Haya, mwezi huu ukurasa wote uwe wa hayo, springi zitasubiri.

Nitangulize jambo moja manake litarudi kila mahali huko chini. Kuna bati, yaani lile pande la aluminiamu na rangi zake, alafu kuna namba, yaani herufi na tarakimu ambazo serikali imeziandika kwenye rekodi zake. Watu wanavichanganya. Uingereza wanakuachia uvae bati la sura ya zamani lakini namba ni ile ile iliyoko kwenye karatasi. Kule Marekani kuna majimbo, California mojawapo, yanakuachia uokote bati lenyewe la miaka hiyo ulifufue, namba yake iwe ya gari yako. Ukisikia ushauri wa mtu wa Los Angeles ukaufanyia kazi Leicester, utajikuta pembeni ya barabara unajieleza.

Shikamoo fundi. Niko Leicester, nina Land Rover Series III ya 1974, nimeinunua kwa mzungu mmoja mkulima. Nataka kuifunga vibao vyeusi vyenye maandishi ya fedha kama yako. Jamaa mmoja wa klabu kasema ruksa, mwingine kasema polisi watanisimamisha kila siku. Nani mkweli? Wikendi naitumia kumbebea wife vitu vya biashara yake ya maandazi na sambusa, siku zingine imelala tu. — Mwenye Landa

Marahaba mwanangu. Wote wawili wakweli, kila mmoja kashika mguu wake wa tembo.

Historia kidogo ndo utaelewa. Uingereza walianza kulazimisha namba za gari tarehe 1 Januari 1904, kwa sheria iliyopitishwa 1903, na kwa miaka mingi sana kibao kilikuwa cheusi, maandishi meupe au ya fedha. Zile nyeupe mbele na njano nyuma zinazong'aa ukizimulika zililazimishwa kwa gari mpya kuanzia 1 Januari 1973. Kwa hiyo muda mrefu mstari ulikuwa hapo hapo, gari ya kabla ya 1973 ruksa, ya baada hapana. Alafu ikaja kipindi mstari ukawa unatembea, gari ikifikisha miaka 40 inaruhusiwa, mpaka watu wakashtuka kwamba kwa mwendo huo siku si nyingi tutaona gari za miaka ya 80 na 90 zimevaa vibao ambavyo hazijawahi kuvivaa hata siku moja toka zizaliwe. Wakaukata mstari wakaupigilia misumari: gari iwe imetengenezwa kabla ya 1 Januari 1980. Hautembei tena. Landa yako ya 1974 imo ndani.

Sasa jamaa yako wa klabu alichosahau, au aliona unajua, ni sharti la pili. Umri peke yake hautoshi. Gari lazima iwe imesajiliwa DVLA, yaani ofisi ya usajili wa magari ya Uingereza, kwenye daraja la kodi la magari ya kihistoria. Si kwamba ina umri wa kuwa humo, hapana, iwe IMO. Unachukua V5C yako, yaani karatasi ya usajili wa gari, cheti cha MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kama unacho, au ile fomu V112 ya kutangaza kwamba gari yako imesamehewa MOT, unaenda posta ile inayoshughulika na kodi za magari, unawaambia nataka kubadili daraja. Ukishabadilishiwa hulipi kodi ya barabara, ila kila mwaka lazima uiombe hiyo kodi ya sifuri, wengi wanadhani ukishasamehewa basi umesamehewa milele, alafu inakuja barua ya faini wanalia. Nimemwona mtu mzima analia, sitanii.

Na hapa ndo nataka usome mara mbili, manake umejichoma mwenyewe kwenye barua yako. Gari inayotumika kwa biashara haistahili hilo daraja. Hayo maandazi ya mkeo, kama Landa ndo chombo cha kupelekea mzigo kwa wateja, hilo ni tatizo, na daraja la kihistoria likianguka basi kibao cheusi nacho kinaanguka pamoja nalo, manake kimesimama juu yake. Mtafutie wife kigari kingine hata kidogo. Landa iwe ya Jumapili na ya kwenda kuwatembelea watu.

Ukishakamilisha hayo, kutengenezesha bati si kazi. Unaenda kwa mtengenezaji aliyesajiliwa, atataka kuona V5C na kitambulisho chako, asipotaka kuona chochote huyo kimbia, anakutengenezea mapambo hakutengenezei pleti. Maandishi yawe meupe, ya fedha au ya kijivu juu ya weusi, na namba ni ile ile uliyo nayo sasa. Gari ya 1974 iliyosajiliwa mwaka huo huo itakuwa na M au N mwishoni. Usianze kusogeza herufi zisomeke jina la mtoto, nafasi kati ya herufi ni sehemu ya sheria.

Mimi binafsi, ukiniuliza kwa siri, Series III ya 1974 siwezi kuifunga nyeusi. Iliingia barabarani ikiwa na nyeupe mbele na njano nyuma, ndo ukweli wake. Yangu ni ya 1970, hiyo ilistahili. Lakini sheria imekuruhusu na gari ni yako, mimi nani.

Fundi mambo. Nina Mercedes 230E ya 1983, ile W123 ambayo kila mzee wa Kinondoni aliiota. Iko kwenye daraja la kihistoria, kodi silipi, MOT silipeleki, ULEZ ya London, ile tozo ya gari zenye moshi mchafu, napita bure. Kwa hiyo na kibao cheusi sio? — Wa Croydon

Poa. Hapana.

Mistari ni miwili na mmoja tu ndo unatembea. Ule wa kodi unasogea kila tarehe 1 Aprili, gari zilizotengenezwa kabla ya Januari ya miaka 40 iliyopita zinaingia, ndo maana Benz yako imo na ULEZ inakuacha. Ule wa kibao umekwama 1980. Yako ya 1983 imeukosa kwa miaka mitatu na haitaupata kamwe hata ukiilisha asali. Ukikiweka hicho kibao ni kosa, faini yake inafika pauni 1,000. Na kamera za London zenye kusoma namba ndo zinazokupa huo msamaha wa ULEZ unaojivunia, sasa kwanini uzichezee?

Alafu hilo la MOT. Msamaha ni kwa gari ya zaidi ya miaka 40 ambayo haijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, sawa, lakini mpelekee fundi akuangalizie breki na uvungu hata kama haulazimiki. Yangu naipeleka kila mwaka kwa hiari. Kutu haisomi sheria.

Kaka fundi salamu kutoka Reading, mi ni mtoto wa Likoni. Mzee alifariki akatuachia Peugeot 404 ya 1967, haijawahi kutoka mkononi mwake, na bado ina bati lake la zamani jeusi, namba ya K na herufi mbili na tarakimu tatu, ile ya enzi zile. Tumekubaliana na ndugu zangu niilete huku. Swali langu ni moja tu, naweza kuendelea kutumia hilo bati la mzee huku Uingereza? Maana kwangu gari bila hilo bati sio gari ya mzee. — Mtoto wa Likoni

Pole sana kwa msiba, Mungu amrehemu mzee. Na hongera kwa urithi, manake 404 sio gari ya kuchezea. Ndo gari iliyoshinda Safari Rally 1963, ikashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland aliyekuwa anakaa Dar es Salaam, na 1968 tena. Mwaka wa gari yenu ndo mwaka wa ushindi wa pili wa Shankland. Mzee wako alijua alichonunua.

Jibu la swali lako ni hapana, ila subiri usikunje uso, kuna njia ya kati.

Namba ya Kenya ni ya rekodi za Kenya. Gari ikihamia huku kabisa inabidi isajiliwe huku, na DVLA hawawezi kuipa namba ya NTSA, wale wa usajili wa magari Kenya. Ikishafika una siku 14 za kuwajulisha watu wa kodi kupitia mfumo wao wa NOVA, hilo usichelewe hata kidogo. Kuhusu ushuru, gari ya zaidi ya miaka 30 iliyobaki katika hali yake ya asili, na ambayo modeli yake haitengenezwi tena, inaweza kuhesabiwa kama kitu cha wakusanyaji, VAT asilimia 5 badala ya 20, na ushuru wa forodha sifuri. Kwa hiyo mzee kama hajaibadilisha injini wala kuikata bodi, amekuokolea hela nyingi sana bila kujua. Usije ukajitia kuifanyia urembo kabla haijapanda meli!

Baada ya hapo unajaza fomu V55/5, unaambatanisha ushahidi wa mwaka gari ilipotengenezwa. Hapa logibuku ya Kenya ni dhahabu, iskani, itoe kopi, iskani tena. Pia klabu ya wenye Peugeot au kiwanda chenyewe wanaweza kukuandikia barua kutokana na namba ya chesisi. Kabla ya kusafirisha hakikisheni upande wa Kenya gari imefutwa kwenye usajili kama gari inayotoka nchini, isije ikabaki inadaiwa vitu huko na jina la marehemu liko juu yake.

DVLA wakiridhika wanakupa namba inayolingana na umri wa gari. Yaani hawakupi namba ya mwaka huu ikaonekana kichekesho kwenye 404, wanakupa ya enzi zake. Huwezi kuiuza wala kuihamishia gari nyingine, imezaliwa na hiyo gari inakufa na hiyo gari. Na kwa kuwa ni ya 1967, ukiiingiza kwenye daraja la kihistoria unafunga kibao cheusi maandishi ya fedha, kwa macho ya mtu aliyesimama mbali ni gari ya mzee ile ile. Ndo njia ya kati niliyokuwa nasema.

Bati lenyewe la Kenya litunze ndani. Lina historia yake: hizo namba za K, herufi mbili na tarakimu tatu ziliendelea mpaka zikaisha 1989, ndipo wakaanza upya na KAA yenye herufi ya mwisho. Kwa hiyo mtu anayejua akiliona tu anajua umri. Kwenye maonyesho, gari imeshapaki, imezimwa, watu wanapiga picha, unaweza kuliegemeza kwenye kioo cha mbele wakalifurahia.

Nasema IMEPAKI kwa sababu mimi yalinikuta. Nilikuwa naenda kwenye maonyesho ya magari mji fulani huku, nikajifanya mjanja, nikaning'iniza bati la zamani la nyumbani juu ya pleti halali kwa waya wa kufungia nyanya, nikisema ni maili sita tu, nani ataniona. Maili ya nne taa za buluu. Yule askari wala hakuwa na jeuri, akaniuliza tu, bwana, gari hii inaitwa nani? Nikamwelezea historia yote, Tanga, mkonge, baba, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniambia sasa itoe. Nikaitoa pale pale na koleo aliyoniazima yeye mwenyewe. Sikupigwa faini lakini kwenye maonyesho nilifika watu wanafunga mahema.

Habari za kazi fundi. Mimi ni mwanamke, naomba usishangae, natengeneza magari mwenyewe nyuma ya nyumba hapa Birmingham. Nimenunua Morris Minor ya 1958 kutoka kwenye banda, haina karatasi yoyote, ila bado ina kibao cha zamani na namba imeshikilia. DVLA mtandaoni namba hiyo haipo. Nikifunga kibao kipya cheusi chenye namba hiyo hiyo nitakuwa nimekosea? — Dada wa Minor

Dada sishangai hata kidogo, fundi aliyenifundisha kuchomea gesi alikuwa mama mmoja wa Korogwe na mpaka leo sijamfikia.

Ukiifunga leo leo, ndiyo, utakuwa umekosea, hata kama moyoni unajua ni namba yake. Namba ambayo haipo kwenye rekodi ni sawa na umeitunga. Lakini hiyo namba inaweza kufufuliwa, na we una bahati kubwa kuliko unavyodhani.

Zamani rekodi za magari zilikuwa kwenye halmashauri, kila mji na vitabu vyake. Baadaye zikahamishiwa kwenye kompyuta ya DVLA kule Swansea na wenye magari walitakiwa kuhakikisha gari zao zimeingizwa, mlango ukafungwa mwaka 1983. Gari zilizokuwa zimelala mabandani wakati huo, kama Minor yako, zikabaki nje. Kwa ajili yao kuna utaratibu unaitwa V765. Unatakiwa kuthibitisha kwamba chesisi hii na namba hii vilikuwa kitu kimoja. Ushahidi wanaoupenda ni logibuku ya zamani ile ya kukunja, au stika ya kodi ya zamani, au maandishi kutoka vitabu vya halmashauri. Vingi vya vitabu hivyo vipo kwenye nyaraka za mikoa, unaenda unaomba, unafunua na glovu. Alafu klabu ya wenye Morris Minor iliyoko kwenye orodha ya DVLA wanaikagua gari na kukugongea muhuri kwenye fomu.

Kwa hiyo kabla hujaifagia hiyo gari naomba pekua. Chini ya kapeti, nyuma ya siti, kwenye mifuko ya milango, ndani ya kitabu cha maelekezo kama kipo. Rafiki yangu mmoja alikuta stika ya kodi ya 1965 imetumika kuzibia kelele ya kioo cha mlango, imekunjwa mara nne. Hako kakaratasi ndo kalirudisha namba. Na rudi kwa mwenye banda, muulize kama ana picha ya zamani ya familia gari ikionekana, hata kama picha haitoshi peke yake klabu watakusaidia ushahidi uungane.

Ikirudi, kwa kawaida inafungwa kwenye hiyo gari, huwezi kuiuza. Wamefanya hivo makusudi, manake kuna watu walikuwa wananunua mabati mabovu ili wachukue namba nzuri waitie kwenye Range Rover.

Ikishindikana kabisa DVLA watakupa namba nyingine ya umri wake, na kama hiyo hupendi sura yake, kuna ujanja halali: namba za Ireland ya Kaskazini, zile zenye I au Z ndani, hazina herufi ya mwaka, na nyingi zinauzwa bei ya kawaida kuliko zingine zisizo na mwaka. Ada ya kuipachika kwenye gari ni pauni 80. Sheria inakataza kuifanya gari ionekane mpya kuliko ilivyo, haikatazi ionekane haina umri. Kwenye kibao cheusi inapendeza, ila mjuzi akiona Z pale katikati anatabasamu, anajua.

Niaje mzee. Mimi niko California, Oakland, nina Volkswagen Beetle ya 1967. Gulioni nimeona pea ya bati nyeusi maandishi ya njano, muuzaji anataka hela ndefu, anasema ni za miaka ya 60 kabisa na DMV, ofisi ya usajili wa magari ya huku, watazikubali. Nisije nikaliwa. Pia nimeona gari mpya kabisa, hata Tesla, zina bati nyeusi hizo hizo, sasa zile zimetoka wapi? — Wa Oakland

Niaje. Anza na hizo za Tesla manake ndo zinazochanganya watu. California walipitisha sheria 2012 ya kurudisha sura za zamani kwenye bati mpya, wakasema sura yoyote itakayopata maombi 7,500 itatengenezwa. Ilipendekezwa ya njano ya miaka ya 50, nyeusi ya 60, na ya buluu ya 70. Nyeusi peke yake ndo ikavuka. Kwa hiyo zile ni bati mpya, za kuakisi mwanga, namba mpya, yeyote analipa dola zake 50 za kuanzia anafunga hata kwenye gari ya jana. Ni nguo ya mtumba iliyoshonwa leo.

Unayoongelea we ni kitu kingine, bati za mwaka wa kutengenezwa gari, na kwa Beetle ya 1967 mlango uko wazi. Unachukua bati halisi iliyotolewa na California enzi hizo, DMV wanahakikisha namba haijashikwa na gari nyingine, wanazikagua kwa macho, wanaziunganisha na gari yako. Na tofauti na zile bati za magari ya kihistoria, ambazo gari inatakiwa iwe ya maonyesho na shughuli za klabu na mambo kama hayo, hizi hazikufungi, unaenda nayo kazini, sokoni, popote, ila unaendelea kulipia usajili kila mwaka kama wenzako.

Sasa kabla hujatoa hela mwambie muuzaji akuonyeshe vitu vichache. Kwanza ziwe mbili, ya mbele na ya nyuma, zote namba ile ile, manake gari ndogo zilipewa pea. Ziwe za gari ndogo, sio za pikapu, mpangilio wa pikapu ni tofauti na watu wanauziwa hizo kila siku, nyeusi ni nyeusi wanadhani yote sawa. Alafu stika. Zile nyeusi zilianza 1963 na zikaendelea mpaka 1969 bati likiwa lile lile, kilichobadilika kila mwaka ni stika tu ya pembeni. Gari yako ya 67 inataka 67, muuzaji akikupa bati zenye stika ya 64 ujue kuna kutafuta tena, na stika nzuri ya mwaka husika watu wanaitafuta kwa tochi.

La muhimu kuliko yote: piga picha namba, nenda DMV uliza kama iko huru KABLA ya kulipa. Zikiwa zimeshikwa na gari ya mtu hata ziwe nzuri vipi ni pambo la ukutani kwako. Muuzaji mkweli atakusubiri siku mbili. Akisema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, mwache huyo mteja wa saa kumi azichukue.

Na usije ukamwambia binamu yako wa Texas au New York kwamba fundi kasema hivi, kila jimbo na sheria zake kule, mimi nimejibu California tu. Marekani walianza vurugu hizo zamani. New York walilazimisha namba 1901 lakini kila mwenye gari alijitengenezea mwenyewe, ngozi, mbao, chochote, na herufi za jina lake, mpaka Massachusetts walipoanza kutoa bati za serikali 1903. Wakati wa vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa adimu mpaka Illinois wakatengeneza pleti kwa soya, inasemekana mbuzi walikuwa wanazila. Jaribu kwenda kuripoti hiyo.

Mwalimu habari, niko Nairobi, nina Beetle ya 1972, bati zake asili nyeusi zimechoka, na sasa ninaambiwa niweke hizi za kisasa. Nikibadilisha si nimepoteza namba ya gari? Nataka kuipeleka Concours, lile shindano la gari zilizotunzwa vizuri. — Wa Ngong Road

Hujapoteza kitu. Kenya namba haifi na bati, gari ya 1972 inaendelea na namba yake ile ile ya herufi tatu na tarakimu, inaandikwa tu kwenye bati la kizazi kipya, haya yaliyozinduliwa 2022 yenye bendera na alama za usalama. Fuata utaratibu wa NTSA, barabarani tembea na jipya. La zamani lioshe kwa maji na sabuni tu, usilipige rangi, usilinyooshe na nyundo, yale madoa ndo thamani yake. Concours d'Elegance pale Nairobi inafanyika toka 1970 na majaji wake wanachungulia mpaka uvunguni, kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye injini na makorongo ya matairi kwanza, alafu bati la zamani liweke ndani ya gari pamoja na karatasi zake. Nitumie picha.

Kaka, niko Dar. Nimeokota bati la zamani la TZ kwa muuza skrepa Kariakoo, jeusi zuri. Nina Suzuki Carry ya juzi tu. Nikilifunga mbele kwa ajili ya swaga? — Kijana wa Buguruni

Usithubutu. Trafiki wa Tazara ataisoma hiyo, ataomba kadi ya gari, kwenye kadi kuna T na namba nyingine kabisa, na hapo utaanza kuelezea umeipata wapi, na yule muuza skrepa atakuwa hakujui. Kama Carry ni ya biashara ina nyeupe, kama ni ya kwako binafsi ina njano, hizo mbili ndo zako. Ila hilo bati kama hulitaki niandikie umelipata kwa shilingi ngapi, nina ukuta wazi gereji.